Kanisa la Chesterfield: Kilele Kilichojisokota! (Uchambuzi)

Haya jamani, karibuni tena! Leo hakuna simu wala spika, leo nachambua kanisa. Msinitazame mimi, tazameni kule juu!

Hili ni Kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, mji wa Chesterfield, Uingereza. Matao ya mawe, vioo vya rangi, hayo mmeshayaona kwenye video zangu nyingine. Twende kwenye kilele.

Nasogeza kamera. Fuateni ule mstari mmoja, uanzie pale kilele kinapokaa juu ya mnara wa mawe. Panda nao taratibu... mnaona unavyozunguka? Kimejisokota nyuzi 45, kama nguo inayokamuliwa! Halafu kimeinama futi 9 na nusu. Ngoja nirudie kwa upande huu. Umeona? Yale mabamba ya risasi, yaani ile metali nzito, yamepangwa mshazari, kwa hiyo jicho linaona msokoto mkubwa kuliko ulivyo.

Sasa kwa nini? Wenyeji wana hadithi kwamba shetani alikaa pale juu, akapiga chafya. Mafundi wanasema hivi: ndani ni mbao tupu, zilijengwa mbichi karne ya 14, na mihimili ya kuzifunga pamoja haikutosha. Juu yake kuna risasi, takriban tani 33! Jua nalo linapiga upande wa kusini kuliko kaskazini. Mbao zikakauka, zikapinda. Na tauni kuu ya 1349 ilikuwa imeua watu wengi, wakiwemo mafundi, ndiyo maana wengi wanahisi waliojenga hawakuwa na uzoefu.

Najua mtaniandikia, "Pisa je, ule mnara wa Italia ulioinama?" Pisa ni udongo laini chini, mnara mzima umelala. Hapa mnara wa mawe umesimama, kilichopinda ni mbao za juu. Kwangu mimi hiki kinaishinda Pisa, na sibadilishi.

Ndani sikupapenda sana, ukarabati wa msanifu majengo George Gilbert Scott wa miaka ya 1840 umegusa mengi. Na Desemba 1961 moto uliteketeza kinanda kikubwa cha kanisa cha 1756, kazi ya fundi vinanda Snetzler. Inauma! Lakini zimamoto walikiokoa kilele.

Bei? Kuingia kanisani ni bure, ila kupanda mnarani unalipia, na mimi nasema lipa, uziguse hizo mbao.

Video ijayo ni kanisa la Boston, hukuhuku Uingereza, mnara wa mawe futi 266. Jisajilini, na mniambie hapo chini: shetani au mbao mbichi?