Walimshona mwanangu goti vizuri, lakini siwapi zaidi ya nyota mbili

Kwa kazi ya upasuaji wenyewe sina lawama. Kijana wangu wa miaka 15 alichanika uwanjani gegedu la ndani ya goti, lile ambalo madaktari huliita menisikasi, goti likakwama lisikunjuke, na leo linanyooka kabisa. Ninayemlalamikia ni daktari wa kwanza tuliyemkuta katika kliniki ya mifupa ya hospitali hiyo hiyo, hospitali binafsi hapa Dar es Salaam.

Aliitupia jicho picha ya MRI, kisha akasema, "Tunalikata, baada ya wiki chache anarudi mpirani." Nilimwuliza kwa adabu kama haliwezi kushonwa, kwa kuwa ripoti ilieleza kwamba mchaniko uko kwenye ukingo wa nje, na huko ndiko damu inakofika na gegedu kuweza kuunga. Akajibu bila kuinua uso, "Mama, kama tiba unaijua, hapa umefuata nini?" Alinijibu hivyo mbele ya mwanangu.

Mzazi ana haki ya kuuliza. Gegedu hilo hupokea uzito kati ya mfupa wa paja na wa muundi, na tangu 1948 daktari Fairbank wa Uingereza alikwisha kuonyesha kwa picha za eksirei jinsi mifupa ya goti inavyobadilika gegedu likiondolewa. Mzee ambaye gegedu lake limelika kwa umri ana hesabu zake. Mtoto bado ana miaka mingi mno ya kulitembelea goti hilo. Ni kweli kwamba kukata humrudisha mchezaji uwanjani upesi, ilhali kushona humtaka atembee kwa magongo kwa wiki kadhaa, asikunje goti kupita nyuzi 90, akae miezi bila mpira, na hata hivyo gegedu linaweza kukataa kuunga akarudishwa tena chumba cha upasuaji. Haya yote tulielezwa na daktari wa pili, ambaye alichora goti kwenye karatasi na kuzungumza na mwanangu mwenyewe kabla ya kunigeukia mimi. Ndiye aliyemshona.

Nilikusudia kuwapa nyota nne kwa ajili yake. Lakini nikimfikiria mama mwingine ambaye, kwa jibu lile, angenyamaza na kutia sahihi, siwezi. Nilipopeleka malalamiko, nilijibiwa kwamba daktari alikuwa amechoka siku ile. Basi ni nyota mbili, moja ya daktari aliyeshona na nyingine ya mtaalamu wa mazoezi tiba, aliyemvumilia kijana aliyekuwa akilia kwa hamu ya kucheza. Pengine nisingewazuia ninyi wazazi wenzangu kwenda huko, maana mikono yao ni mizuri. Ila msitie sahihi popote kabla daktari hajawaeleza mchaniko uko sehemu gani na kwa nini hataki kuushona, na akikasirika, daini daktari mwingine.