Boksi la plastiki la IP65 kwa bodi ya GRBL: linafaa, ila acha kulitoboa tundu la feni

Boksi la kijivu la plastiki ya ABS la milimita 200 × 120 × 75, lile ambalo mafundi umeme hulifunga nje ya nyumba kuungia nyaya, ndilo wengi wanaojijengea ruta ndogo ya CNC (mashine ya kukata mbao au alumini inayoongozwa na kompyuta) huishia kulinunua. Seti inayoingia humo karibu kila mara ni ileile: bodi ya Arduino Uno yenye GRBL (programu inayoongoza mashine), bodi ya CNC Shield V3 iliyochomekwa juu yake, na draiva (vibodi vinavyoendesha mota) tatu au nne za DRV8825 au A4988. Kwa kazi hiyo boksi hili linatosha, tena linayapita mengi ya bei kubwa. Kinacholiharibu ni tundu la feni ambalo kila mtu hukimbilia kulitoboa siku ya kwanza.

Piga hesabu kwanza. DRV8825 inayoendesha mota kwa ampea 1.5 hugeuza takriban wati 1 kuwa joto. Draiva tatu ni wati 3. Sema 4 pamoja na Arduino. Eneo la nje la boksi hili linakaribia mita ya mraba 0.1, na boksi la ukubwa huo likifungwa kabisa humwaga nje takriban nusu wati kwa kila nyuzi moja ambayo ndani kumezidi nje. Wati 4 basi zitapandisha hewa ya ndani kwa nyuzi 8 hivi. Karakana ya Dar es Salaam ikiwa na nyuzi 33 saa nane mchana, ndani ya boksi kutakuwa na 41, na hapo hakuna bodi itakayolalamika. Draiva hujizima kwa sababu hewa imetuama juu ya kipoza joto chake, si kwa sababu boksi zima limechemka. Dawa ni feni ya milimita 40 iliyofungwa ndani, ikipuliza draiva kwa ubavu, na mfuniko umekazwa. Ikiwa pawa saplai ni ya volti 24, usiiunge feni ya volti 12 moja kwa moja: tafuta ya 24, au unga mbili zinazofanana kwa mfuatano.

Kwenye IP65, 6 maana yake vumbi haliingii kabisa, na 5 maana yake boksi linahimili maji ya kurushwa kwa bomba. Tundu moja la milimita 38 hufuta ahadi zote mbili. Kwa anayekata alumini hilo si jambo dogo, maana chenga zake hupitisha umeme, na moja tu ikitua katikati ya miguu ya draiva, draiva imekwenda. Anayekata mbao tupu na bado anang'ang'ania kutoboa, basi feni yake iingize hewa kupitia sponji badala ya kuitoa, ili mgandamizo wa ndani usukume vumbi nje. Feni inayotoa hewa hugeuza kila mwanya wa boksi kuwa mdomo wa kunyonya unga wa MDF.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokataza pawa saplai kukaa humu. Saplai yenye ufanisi wa asilimia 85 ikitoa wati 100, hupoteza zaidi ya wati 17, nazo kwenye boksi lililofungwa ni zaidi ya nyuzi 30 juu ya joto la chumba. Zile za volti 24 ampea 15 zina urefu wa milimita 215, kwa hiyo boksi lenyewe linazikataa. Zipe kasha lao la chuma, lenye matundu ya hewa na ethi.

Nafasi ni ya kutosha. Uno, shield, draiva na vipoza joto, zikisimama juu ya nguzo za milimita 10, hufika karibu milimita 50. Usifunge Uno kwenye sakafu ya boksi kwa skrubu zinazotokea nyuma. Kata ubao wa plaiwudi wa milimita 4, uufunge kwenye vishikio vya ndani, kisha Uno ikae juu yake kwa skrubu za nailoni za M3. Tundu moja la Uno limebanana na soketi ya pini kiasi kwamba kichwa cha skrubu hakikai vizuri. Skrubu tatu zinatosha. Tazama pia kama miguu ya shield inagusa gamba la chuma la USB. Kipande cha tepu ya umeme hapo huokoa bodi.

Kutoboa ndiko kunakotenganisha kazi safi na ya ovyo. ABS huyeyuka kabla ya kukatika ukikimbiza drili, halafu huganda ukingoni kama nta. Tumia biti ya koni yenye ngazi, mwendo wa polepole, kipande cha mbao kikiwa nyuma ya ukuta, na umalizie kwa kisu. Soketi za GX16 (zile za duara ambazo plagi yake hukazwa kwa pete) zinataka tundu la milimita 16, ndogo zake za GX12 milimita 12, na glandi ya kebo ya PG7 milimita 12.5. Ukuta mrefu unabeba GX16 tatu za mota bila kubanana, zikiachana milimita 35 kati kwa kati. Boksi likifungwa ukutani, ukuta huo uelekee chini ili vumbi na maji ya kupozea visilale kwenye soketi. Mfuniko usiuguse kwa drili, hasa ukiwa wa kung'aa, kwani hupasuka kirahisi.

Mota zipewe GX16 za pini nne na swichi za mwisho (zile zinazoguswa mashine ikifika mwisho wa njia yake) zipewe GX12, zisije zikabadilishana siku mtu akiwa na haraka. Pete ya skrubu ya soketi hizi ina faida nyingine: hairuhusu plagi kuchomoka mota ikiwa inafanya kazi, jambo ambalo huua draiva papo hapo. Umeme wa volti 230 usiupitishe humo hata kidogo. Ndani, plagi za mota kwenye shield hulegea kwa mtikisiko. Tone la gundi ya moto linatosha. Na kabla ya kuandika lebo kumbuka kwamba kwenye GRBL 1.1 swichi ya mwisho ya Z (mhimili wa juu na chini) huungwa kwenye pini za SpnEn, sio zile zilizoandikwa Z. Watu hubadilisha swichi nzima nzima kwa kutolijua hili.

Udhaifu wa kweli wa boksi hili ni kwamba plastiki haizuii kelele za umeme. Mota ya ruta yenye brashi ikiwaka karibu, GRBL inaweza kusimama na ALARM:1 (onyo la swichi ya mwisho kuguswa) wakati hakuna swichi iliyoguswa. Tiba ipo kwenye waya: kebo yenye wavu wa chuma, wavu uungwe ethi upande wa boksi tu, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya waya wa swichi na GND pale kwenye shield. Anayetumia VFD (kifaa cha kubadili kasi ya mota ya kukatia) aende moja kwa moja kwenye boksi la alumini lenye ethi, ingawa atalipia zaidi.

Maboksi ya kuchapwa kwa printa ya 3D yanapendeza, ila mengi yana matundu ya hewa kila upande, na PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Gamba la pawa saplai ya kompyuta (milimita 150 × 86 × 140) ni la chuma, lina feni na soketi ya umeme tayari, na kwa mafundi wa kompyuta linapatikana kwa bei ya chakavu. Lakini kapasita zake kubwa hubaki na volti 300 na kitu baada ya kuchomolewa; hakikisha kwa mita kabla ya kuingiza mkono.

Rekebisha Vref (volti ya kwenye draiva inayopanga ampea za mota) kabla ya kufunga: kwa DRV8825, volti 0.75 ni ampea 1.5. Utafungua mfuniko tena na tena hata hivyo, na skrubu za chuma zinazojichimbia hula plastiki. Kila unaporudisha, zungusha skrubu kinyume kwanza mpaka usikie ikidondokea kwenye hesi yake ya zamani, ndipo uikaze kwa mkono, si kwa drili.