Mundu wa springi ya gari kwa ua wa michongoma: uzoefu wangu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asisumbuke. Kama kazi yako ni kupunguza ua wa miti migumu na kupogoa miti ya shambani, tafuta mundu mzito uliofuliwa na mhunzi kwa springi ya gari, panga jembamba la dukani uliachie majani. Nazungumzia mundu wa kufyekea, wenye bapa pana na kichwa kilichopinda mbele, ambao wengine huuita nyengo. Ule mwembamba wa kuvunia mpunga haumo kwenye habari hii.

Shamba letu liko Machame, Kilimanjaro, kihamba cha kawaida cha migomba na kahawa, na migrevilea imesimama katikati kwa ajili ya kivuli na kuni. Upande wa jirani mpaka ni masale, ile mimea ya majani marefu ya kuwekea mipaka, na masale hayana shida: kisu chochote kinayakata (ingawa isale la mpakani huligusi bila kumwambia jirani, hilo kila Mchaga analijua). Ugomvi uko upande wa barabara, kwenye michongoma. Miiba yake inafika urefu wa kidole, matawi yanafumana, na mvua za masika zikipita bila ua kuguswa, njia ya miguu inakwisha.

Kwa muda mrefu nilitumia panga la kiwandani la inchi 20. Unene wake ni milimita mbili hivi, na kwa majani au migomba silitoi kasoro. Ila ukipiga tawi kavu la mchongoma lenye unene wa kidole gumba, bapa linacheza, pigo linarudi, na mkono unaishia kwenye miiba. Moja nililokuwa nalo, chapa yake naihifadhi, lilikunja makali msimu wa kwanza tu, na mpini wa plastiki ukapasuka pale kwenye ribiti.

Mundu unashinda kwa sababu mbili. Kwanza uzito wake uko mbele, kwa hiyo pigo fupi la kiwiko linatosha. Huhitaji kurusha mkono mzima ndani ya ua. Pili ni ile ndoano. Ukishakata tawi, unalivuta nje kwa kichwa cha mundu bila kuingiza kiganja. Aliyewahi kuchomwa na mwiba wa mchongoma ukakatikia ndani ya kidole ataelewa kwa nini naitaja ndoano kabla ya makali.

Wangu nilifuliwa Mamba, upande wa Marangu, ambako kazi ya uhunzi ni ya miaka mingi na siku hizi hata watalii wa mlimani hupelekwa kuitazama. Nilipoushika mara ya kwanza nikalalamika kidogo: “Mzee, huu si mzito mno?” Mhunzi akacheka. “Mwanangu, uzito ndio unaokata. Wewe kazi yako ni kuunyanyua.”

Sasa, si kila mundu mweusi sokoni ni wa springi. Mingine imepigwa kutoka chuma laini cha ujenzi, ikapakwa rangi, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Springi ya gari ina kaboni karibu asilimia 0.6, na kiwango hicho ndicho kinachoiwezesha kushika ugumu inapochomwa na kupozwa. Chuma laini hakifikii hata nusu ya hapo. Utakinoa kiwake, lakini baada ya matawi machache makali yamelala.

Kwa hiyo nenda na tupa mfukoni. Omba ruhusa, kisha ipitishe taratibu kwenye kona ya makali. Ikiteleza bila kuacha alama, chuma ni kigumu kupita kiasi na makali yatameguka mapengo. Ikila kwa ulaini na kumwaga unga, kitapinda. Unachotafuta ni tupa inayoshika kwa shida. Halafu ning'iniza mundu kwa uzi, ugonge kwa kijiko: mlio mrefu ni dalili njema, mlio mfupi uliokufa unaweza kuwa ufa. Angalia hasa pale kichwa kinapoanza kupinda na pale shingo inapoingia kwenye mpini.

Muulize pia mhunzi anavyopoza. Wangu aliuchoma mpaka sumaku ikaacha kuushika, akauzamisha kwenye oili chafu ya injini, kisha akaurudishia moto kidogo kidogo mpaka sehemu iliyosuguliwa ikageuka rangi kutoka manjano kuelekea kahawia. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Mundu ulioishia kwenye kupozwa tu unakuwa mkali ajabu dukani na kuvunjika ncha shambani.

Mpini wangu ni wa mpera. Mkia wa chuma umepita katikati mpaka nyuma na kukunjwa, na shingoni kuna pete ya chuma kuzuia mti usipasuke. Ile ya bomba lililochomelewa naomba uikwepe. Kila pigo linarudi kwenye kifundo cha mkono, na ukitoka jasho inateleza.

Kazini nakata kutoka chini kwenda juu, kwa mshazari. Ukipiga kutoka juu, tawi linachanika na gamba linashuka nalo, na shina lililochanika halichipui vizuri. Kwenye visiki vya mikaratusi tulivyonavyo bondeni, naubana mundu karibu kabisa na kisiki na kuondoa machipukizi yote isipokuwa mawili au matatu yaliyonyooka. Hapo hakuna panga lililowahi kunipa usafi ule. Matawi ya mgrevilea nayo yanakwenda vizuri, mradi hayajazidi unene wa kifundo cha mkono. Yakizidi, chukua msumeno.

Kasoro zipo. Haufai kwa majani, utachoka bure. Kukata juu ya kichwa kwa muda mrefu kunaumiza bega. Mke wangu anaunyanyua mara mbili tatu kisha anarudi kwenye panga lake, na simlaumu. Unashika kutu upesi kwa unyevu wa huku, kwa hiyo baada ya kazi naufuta na kuupaka oili. Kunoa nako si kwa kinoo peke yake: anza na tupa bapa, pande zote mbili, kinoo chenye maji kifuate.

Nimelipa shilingi 20,000, karibu mara mbili ya bei niliyonunulia panga, na sijutii. Naupa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya mpini, ambao ulikuja mfupi kwa kiganja changu kwa kuwa nilikuwa nimemtuma mtu aagize kwa niaba yangu. Nenda mwenyewe, mhunzi akupime mkono, na mwambie aache kinundu mwishoni ili mundu usikuchomoke.