Walinifumulia shali yangu mbele ya watu

Nilitaka kuandika neno moja tu kuhusu darasa langu la kufuma: msiende. Nimetulia kidogo, basi acha nieleze.

Mvua zilipoanza nililipia masomo dola 20 kwenye atelye moja ya triko, yaani karakana ya kufuma, hapa Bukavu, upande wa Nyawera. Sweta za watoto nafuma tangu zamani. Nilichokitaka ni shali ya mfumo wa brioshi ya rangi mbili, ule mnene unaobonyea, yenye ukingo wa mviringo unaokumbatia bega. Mviringo huo hutoka kwenye safu fupi: unageuza kazi kabla ya kufika mwisho, unarudi, na safari inayofuata unageuza vitanzi 4 kabla ya pale ulipogeuzia mwanzo. Katikati panazidi kuwa na kina, pembeni panabaki pembamba, kitambaa kinapinda chenyewe.

Karatasi tuliyopewa ilisema "geuza kila safu", basi. Nikageuza. Baada ya jioni nne ukingo ukawa na matundu kama nyavu ya kuvulia samaki wa sambaza. Nikampelekea mwalimu.

"Samahani mama, nimekosea wapi?"

Hakunijibu. Aliichukua, akachomoa sindano yote, akavuta uzi huku wenzangu wanane wakitazama. "Hii si kazi ya kuonyesha watu. Anza upya."

Bado nasikia ule mlio wa uzi ukifumuka, tr-tr-tr. Anayejua brioshi hachomoi sindano hivyo! Kila kitanzi kilichohamishwa bila kufumwa kina uzi uliolala juu yake, na sindano ikitoka, uzi ule unateleza. Hujui tena kipi kitanzi na kipi uzi wa juu. Hata kama angetaka nirudi safu tatu tu, hapakuwa na pa kurudia. Dada mmoja aliyekaa karibu nami alinong'ona, "Pole yaya, lete nikukunjie uzi." Kutoka kwake ndiyo pole pekee niliyoipata siku ile.

Na kosa halikuwa langu. Katika brioshi ya rangi mbili, safu moja hupitiwa mara 2: rangi ya kwanza inapita, unasukuma kazi hadi ncha ya pili ya sindano ya mviringo (ile yenye ncha mbili zilizoungwa kwa kamba), rangi ya pili inafuata njia ileile. Ndipo unageuza, zote mbili mahali pamoja. Mimi niligeuza kila rangi ilipopita, moja ikaishia huku na nyingine kule, nyuzi za juu zikakosa vitanzi vyake. Mstari mmoja kwenye karatasi ungeniokoa.

Sasa niseme na hili, maana nisiposema nitakuwa mwongo. Somo lililofuata mwalimu alikaa pembeni yangu karibu saa nzima. Aligeuza kazi, akauvuta uzi kwa juu mpaka kitanzi kikaonyesha miguu miwili, na kwenye safari ya kurudi akaifuma yote miwili kama kitanzi kimoja. Nilitafuta tundu kwa kucha, sikulipata. Vidole vile sijaviona kwingine mjini. Shali ninayo mabegani ninapoandika, na ukingo umelala vizuri mno.

Lakini pole hakusema. Mpaka leo.

Masomo mawili yamebaki na nadhani nitaenda. Nawe ukienda, pitisha uzi mwembamba wa pamba katika vitanzi vyote, pamoja na nyuzi zao za juu, kabla hujampa mwalimu kazi yako mkononi.