Tathmini ya huduma za Majilio katika parokia moja ya mlimani, Kilimanjaro

Wachaga wengi wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani mwezi Desemba, hivyo paroko wa mlimani, yaani padre anayeongoza parokia, hujikuta, katika juma la mwisho la Majilio (kipindi cha kujiandaa kwa Noeli), akiwahudumia pamoja na waamini wake wa kila siku watoto na wajukuu wao ambao pengine hajawahi kuwaona. Ni kwa kuzingatia wingi huo ndipo ninapoipima huduma tuliyoipata parokiani kwetu Majilio yaliyopita, na ninaisifu kwa moyo wote kwa sababu paroko alianza na wasioweza kufika kanisani.

Kanuni ya 529 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamtaka paroko azitembelee familia na awasaidie wagonjwa kwa upendo mwingi, hasa walio karibu na kifo. Katekista aliyepewa idhini anaweza kuwapelekea Komunyo, na wetu hufanya hivyo vizuri mwaka mzima, lakini sakramenti za Kitubio (maungamo) na Mpako wa Wagonjwa (kuwapaka mafuta matakatifu) huadhimishwa na padre peke yake, kwa hiyo mgonjwa asiyetembelewa na padre anaweza kuifikia Noeli bila kuungama hata kama Ekaristi inamfikia kila Jumapili. Paroko alilitambua pengo hilo. Aliwaomba wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja, wamwandikie majina ya wagonjwa na wazee wasiotoka nyumbani, kisha akapita mwenyewe jumuiya kwa jumuiya, kwa miguu pale ambapo gari halipiti katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Kwa mama yangu mkubwa, ambaye hainuki tena kitandani, alituomba kwanza sote tutoke chumbani ili aungame kwa faragha, akatuita turudi kusali pamoja wakati wa kumpaka mafuta na kumkomunisha, na baada ya hapo akakaa kumsikiliza akisimulia habari za marehemu mumewe mpaka alipomaliza. Watu wa nyumbani tulikuwa tumezoea kumkatiza. Sijui huduma nyingine ya kipindi hiki iliyomrudishia mama huyo heshima kiasi hicho.

Maungamo ya vigangoni, yaani katika makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, nayo yalipangwa kwa busara, kwa kuwa paroko aliwaalika mapadre wa parokia jirani wamsaidie. Si kila mtu anayeweza kumweleza dhambi zake padre ambaye kesho yake wataketi pamoja katika kikao cha halmashauri ya walei, na mistari mirefu mbele ya mapadre wageni ilionyesha jinsi msaada huo ulivyohitajika. Misa za Noeli zenyewe, kuanzia Mkesha hadi Misa ya mchana, zilianza kwa wakati na kwaya ilijiandaa vyema.

Kasoro iliyoniuma ni ya ubatizo wa watoto waliotoka mjini. Masharti yalitangazwa mapema, lakini yalitangazwa kanisani tu, mbele ya watu ambao tayari wanayajua, huku wazazi waliohusika wakiwa bado safarini. Baadhi yao walifika ofisini mkesha wa sikukuu bila barua ya parokia wanakoishi, wakiwa na msimamizi wa ubatizo ambaye hajapata Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa katika imani), wakarudishwa. Ofisi ilikuwa na haki ya kuwarudisha, ila uchungu ule ungeepukika kama tangazo lingetumwa mwezi Novemba kwa njia ya jumuiya, ili kila bibi na babu ampigie simu mwanawe mapema.

Kwa anayekusudia kumbatiza mtoto nyumbani Noeli ijayo, ninashauri aombe barua ya paroko wake wa mjini kabla ya kufunga safari, ahakikishe msimamizi ametimiza miaka 16 na amepokea Kipaimara na Ekaristi, na aulize mapema tarehe ya semina ya wazazi. Mwenye mgonjwa nyumbani ampe mwenyekiti wa jumuiya jina la mgonjwa huyo mwanzoni mwa Majilio, kwa maana ziara hizo hupangwa kwa kufuata orodha ya jumuiya.