Siku Moja Webuye: Maporomoko, Kilima na Dohani

Wengi huipita Webuye, mji wa magharibi mwa Kenya, wakiwa ndani ya matatu au nyuma ya malori yanayoelekea Malaba kwenye mpaka wa Uganda, na wanachokikumbuka ni harufu. Kwa miaka mingi kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, ambacho wenyeji hukiita Panpaper, kilipika miti kwa kemikali zenye salfa, na uvundo kama wa mayai viza ulimpokea msafiri kabla hajauona mji. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009. Nilitoka Kakamega Jumamosi asubuhi, safari ya kilomita zipatazo 40, nipate kujua iwapo mji uliokula na kulala kwa karatasi una kitu cha kumwonyesha mgeni.

Nilianzia kwenye maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, ambayo kwa jina la kikoloni yaliitwa Broderick Falls, na mji nao ukaitwa hivyo hivyo. Ni mazuri, ingawa yeyote anayetarajia maji yaanguke kutoka mawinguni atavunjika moyo, kwa kuwa uzuri wake umo katika upana: mto hugawanyika kati ya miamba myeusi, ukashuka kwa kishindo, rangi yake ikiwa ya chai ya maziwa baada ya mvua. Hakuna uzio wala kibao cha tahadhari, na mwamba ulio karibu na maji unateleza kama sabuni. Vijana wawili walinidai shilingi 200 za kiingilio. Nilipoomba risiti, bei ikashuka hadi 100.

Kilima cha Chetambe ndicho kilichonipa thamani ya nauli yangu. Bodaboda hukufikisha sehemu kubwa ya njia, kisha unapanda kwa miguu. Juu kulikuwa na ngome ambamo Wabukusu na Watachoni walijihami mwaka 1895 dhidi ya kikosi kilichoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley, kikiwa na askari wa Kisudani, wasaidizi kutoka Buganda na bunduki ya Maxim. Usitazamie kuta za mawe kama za Fort Jesus. Mwenyeji wangu, mzee aliyenisisitizia nimwite Kuka, yaani babu, alinishika mkono akaniteremsha katika bonde jembamba lililofunikwa na nyasi, nikadhani ni mfereji wa kuzuia mmomonyoko. "Simama hapo," akasema. Ukingo ulinifika kifuani. Ndipo nilipoelewa kwamba nimesimama ndani ya handaki lenyewe la ngome, na kwamba aliyekuwa humo alijikinga vizuri na mkuki, lakini si na bunduki inayofyatua mfululizo. Mwaka 1947 Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa, dini ya kienyeji iliyopinga ukoloni, walikusanyika hapa kuwaomboleza waliouawa katika vita hivyo, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulifurahia hata kidogo. Mahali penye uzito wa namna hii nilikuta mbuzi watatu tu, bila maelezo yoyote ya maandishi. Bila Kuka ningepiga picha ya nyasi nikarudi nyumbani.

Kiwanda nilikitazama kutoka huko huko juu, nacho huonekana vizuri zaidi hivyo, kwa kuwa si mahali pa kutembelea. Mwaka 2016 kilichukuliwa na wawekezaji wa familia ya Rai. Kutoka kilimani mtu anaiona sababu ya kujengwa kwake hapa: mto wa kukinywesha, reli ya kwenda Uganda na barabara kuu, vyote vimekaribiana. Mabati ya nyumba za jirani yamekula kutu, na wenyeji wanasema ni moshi wa zamani uliyatafuna.

Chakula cha mchana karibu na stendi kilikuwa ugali wa wimbi, mrenda na kuku wa kienyeji, aliyechelewa kwa saa nzima lakini akanifanya nisahau hasira. Ukienda, anza na kilima kabla jua halijawa kali, tena kwa sababu mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri na njia ya kushukia ni udongo mtupu. Valia viatu vyenye meno, na umtafute mzee wa kukuongoza kabla hujaanza kupanda.