Andi Peters: nimeangalia kazi zake toka kabati la mafagio mpaka Top of the Pops, mrejesho wangu huu hapa

Wikiendi nzima nimekaa na vipande vya zamani vya Andi Peters, nikaviangalia kwa mpangilio toka alipoanza mpaka vya juzijuzi, na nataka nitoe mrejesho kama watu wanavyotoa wa simu au sabufa, maana kipindi cha tivii nacho ni bidhaa, kinaiva au hakiivi. Kwa asiyemjua, ni mtangazaji wa Uingereza, mzaliwa wa London mwaka 1970, baadae akawa prodyuza, na waliokuwa watoto kule mwanzoni mwa miaka ya 90 karibu wote wanamjua.

Anza na Broom Cupboard ya BBC, ndo hilo kabati la mafagio, alikokuwa toka 1989 mpaka 1993. Yaani ni kachumba kadogo kweli ndani ya Television Centre, jengo la studio za BBC, kamera moja imemkazia usoni, mitambo iko mbele yake na anabonyeza mwenyewe huku anaongea na watoto, kazi yake ni kuunganisha katuni moja na kipindi kinachofuata basi. Pembeni yuko Edd the Duck, bata wa kikaragosi wa kuvaa mkononi mwenye nywele za kijani zimesimama juu, haongei ni kelele za bata tu, ila Andi anamjibu kama vile wanabishana kweli. Hakuna seti ya maana, hakuna bajeti ya kuonekana, na bado nimeangalia vipande zaidi ya ishirini bila kuchoka. Hii nampa tano kwa tano sina mjadala.

Live & Kicking ya Jumamosi asubuhi, 1993 mpaka 1996 akiwa na Emma Forbes, ni nzuri, imechangamka, wageni kibao, lakini mle kuna mambo mengi sana na yeye anapotea kidogo. Nne.

Sasa hapa ndo patamu. Badala ya kuendelea kutafuta kipindi kikubwa zaidi cha kutangaza, jamaa akahamia nyuma ya kamera, akaenda Channel 4, chaneli nyingine ya tivii ya Uingereza, kuwa mtu wa kuamua vipindi vya vijana, na mwaka 1998 ikazaliwa T4, mkusanyiko wa vipindi vya vijana ndani ya chaneli hiyo. Ukiiangalia T4 kwa makini utaona ni lile lile kabati la mafagio limekua! Vipindi vyenyewe vingi vilikuwa vile vile vya chaneli, tamthilia ya Hollyoaks ya wiki nzima imekusanywa Jumapili, tamthilia za Kimarekani, ila katikati umewekewa vijana wanaopiga stori na wewe kana kwamba mmekaa kochi moja, na hao watu ndo walikufanya usibadilishe chaneli. Dermot O'Leary kapitia pale, June Sarpong kapitia pale, Vernon Kay pia. T4 ikadumu mpaka mwisho wa 2012, miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Mi naamini hii ndo kazi yake kubwa kuliko zote na haisemwi vya kutosha, kwa sababu sura yake haionekani mle. Tano tena.

Halafu ikaja Top of the Pops, kipindi cha nyimbo za chati, na hapa naumia kusema. BBC walimpa akiokoe kipindi kilichoanza Januari 1964, na Novemba 2003 akakirudisha na jina la All New Top of the Pops, laivu, mtangazaji Tim Kash, mahojiano mengi, habari za wasanii, nyimbo ambazo hata hazijaingia kwenye chati. Nimeangalia kwa nia njema kabisa lakini mguu hautaki kucheza. Kile kipindi mtu alikifungulia kwa ajili ya wimbo na kujua nani namba moja wiki hii, hakufungulia maongezi, na Andi kapeleka maongezi kwa sababu maongezi ndo yalimfikisha pale alipo. Tim Kash hakumaliza hata mwaka, wakaja Reggie Yates na Fearne Cotton, 2005 kikasukumwa BBC Two na Julai 2006 kikafungwa. Ila tuwe wakweli jamani, lawama zote si zake, toka 1996 kilishahamishiwa Ijumaa kugombana na Coronation Street, tamthilia kubwa ya ITV, na chaneli za muziki zilikuwa zinapiga video usiku na mchana, hivyo mgonjwa alishafika hospitali amechelewa. Mbili na nusu.

Baada ya hapo karudi mbele ya kamera, kafika fainali ya Celebrity MasterChef 2008, shindano la mapishi la mastaa, kaongoza Ejector Seat, kipindi cha maswali cha ITV 2014 (hii ipite tu, sikuimaliza), na siku hizi utamkuta asubuhi kwenye Good Morning Britain na Lorraine anatangaza mashindano ya kushinda pesa. Kuna watu wanaona kama kashuka cheo, mi sikubaliani kabisa, hebu mtazame amesimama ufukweni peke yake na kamera, anaeleza zawadi na namna ya kushiriki pumzi moja bila kujikwaa, ufundi ule ule wa kwenye kabati. Nne.

Ukitaka kuanza anza na vya 1990 na 1991 vyenye bata, picha ni mbovu kwa sababu nyingi zilirekodiwa majumbani kwenye kanda za VHS, na sauti inayumba, ongeza tu volumu uvumilie.